Amani Isiyofungiwa Mlango

Yesu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba anayetaka kusali aingie chumbani, afunge mlango, azungumze na Baba yake faraghani. Wahubiri wa Nairobi hawachoki kulirudia fundisho hilo, nami kila nikilisikia nikiwa Kayole au Huruma huwa najiuliza: chumba kipi? Chumba cha kupanga katika ploti ni futi kumi kwa kumi. Upande mmoja pana kitanda kilichositiriwa kwa pazia. Upande wa pili pana stovu, mitungi ya maji na mikoba ya shule. Katikati, meza ikishasukumwa kando usiku, ndipo watoto wanapolala. Ukuta ni wako na ni wa jirani. Akikohoa unamsikia, akikorofishana na mumewe unawasikia wote wawili, na redio yake ikishika stesheni usiyoipenda utaizoea. Mlango mchana kutwa uko wazi kwa sababu ya joto la mabati, na pia kwa sababu mlango uliofungwa mchana huzua maneno kwenye korido.

Sensa ya 2019 ilipata karibu watu 69,000 katika kila kilomita ya mraba ya Mathare, msongamano mkubwa kuliko wa kaunti ndogo yoyote nchini. Embakasi ilikuwa na watu 988,808, mji mzima ndani ya mji. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba Wakenya zaidi ya 85 kwa kila 100 ni Wakristo. Weka takwimu hizo pamoja na utaona kwamba Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ina waumini wengi sana waliofundishwa kutafuta utulivu wa moyo mahali ambapo hapana pa kutulia. Kuanzia Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kupitia Jericho na Jerusalem zilizofuata, hadi Dandora na Umoja za miaka ya 1970, na sasa Pipeline na Tassia ambako maghorofa yamebanana hata jua halifiki chini, kila kizazi kimepata nafasi ndogo kuliko kilichotangulia.

Ukristo wenyewe una historia ndefu ya kuukimbia umati. Antoni wa Misri, katika karne ya tatu, aliuza mali ya wazazi wake akaenda kuishi jangwani, na watawa waliomfuata walijaza mapango na mabonde. Hata leo mwenye nafasi na nauli huenda Bustani ya Ufufuko kule Karen, au hupanda basi la hija hadi Subukia, akatembea chini ya miti bila kusemeshwa na mtu. Sina neno na hilo. Lakini mama anayechuuza mboga Soko la Kariobangi hawezi kuacha kibanda siku nzima ili aende kunyamaza Karen. Amani yake lazima ipatikane papo hapo, na kwa miaka niliyowatazama watu wa huku wakisali nimefikia kuamini kwamba wameipata njia yao wenyewe: wanaitafuta kwa wingi wa watu. Wanapoifungia mlango huwa inawaponyoka.

Mfano ulio wazi zaidi ni jumuiya, kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumbani. Siku hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, lakini utaratibu ni uleule kutoka Korogocho hadi Komarock. Jioni, watu wakishatoka vibaruani, viti vya plastiki huazimwa kwa jirani, awe Mkatoliki asiwe. Waliokosa viti hukaa kitandani wakipakatana na watoto, na wa mwisho kufika husimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine koridoni. Mezani kuna kitambaa cheupe cha kufuma, msalaba mdogo na mshumaa uliosimamishwa kwenye kisahani. Injili ya Jumapili inayokuja inasomwa, kisha inasomwa tena. Panafuata kimya, kimya cha Eastlands yaani, chenye mtoto anayelia orofa ya juu na makanga anayeita abiria barabarani. Halafu mmoja mmoja anataja neno lililomgusa.

Mpaka hapo ni ibada ya kawaida. Kinachonivutia ni kinachofuata, wakati wa maombi ya kila mtu. Mama mmoja anamwombea binti yake aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wa pili anasema kijana wake hajarudi tangu Ijumaa na polisi walipita mtaani usiku huo. Wa tatu anasema kodi imefika miezi miwili, na mwenye ploti ametaja neno kufuli. Wa nne hasemi lolote, anaanza kulia, na aliye karibu naye anaanzisha wimbo ili kumpa nafasi ya kulia bila kutazamwa. Huo wimbo wa kumfunika mtu ni ufundi mkubwa, na sijawahi kuona kitabu cha liturujia kinachoufundisha.

Shida za jioni hiyo hazikutatuliwa. Karo bado, kijana bado, kodi bado. Lakini mambo matatu yaliyokuwa yakimla mtu mmoja mmoja gizani sasa yamewekwa katikati ya watu kumi na watano. Na hapa ndipo pana siri ambayo mtu wa mbali huenda asiione. Katika ploti, majirani walikwisha kusikia kila kitu kupitia ukutani. Mama wa kodi alijua kwamba wanajua, nao walijua kwamba anajua, ila kila mmoja alijifanya hajui ili kulinda heshima. Kujifanya huko kunachosha kuliko deni lenyewe. Jumuiya inawapa ruhusa ya kuacha kujifanya, na wengi wakieleza kile wanachokiita amani ya Kristo hutaja jambo hilohilo: kwamba walirudi nyumbani wakiwa wepesi, wakalala.

Jumuiya hizi zilipangwa na watu. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi katika shirikisho lao la AMECEA, wakakubaliana kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo vya majirani. Mwaka 1976 wakaitangaza kazi hiyo kuwa ya kwanza kati ya kazi zao. Mapadri walikuwa wachache, parokia zilikuwa kubwa kupita kiasi, na mijini mtu aliweza kuhudhuria misa miaka mitano bila jina lake kujulikana na yeyote. Wamisionari Wakomboni walioshika parokia za Kariobangi na Korogocho waliichukua hatua hiyo kwa uzito. Padri Alex Zanotelli, Mwitaliano aliyewahi kuwa mhariri wa jarida la Nigrizia, aliishi Korogocho katika miaka ya 1990 ndani ya nyumba ya mabati kama za majirani zake, karibu na jaa la Dandora lililofunguliwa mwaka 1975. Ilikuwa enzi ya UKIMWI kabla dawa hazijawafikia maskini. Yeye na wanajumuiya walikuwa wakizuru wagonjwa vyumbani mwao jioni, wakisali nao, wakiwashika mikono wakati ambapo hata ndugu wa damu waliogopa kuwagusa. Baadaye, akiwa Ulaya, Zanotelli alirudia mara nyingi kusema kwamba yeye ndiye aliyeinjilishwa na Korogocho. Huwa nasita mapadri wa kigeni wanaposema hivyo, maana ni rahisi kuusifu umaskini ukishauacha. Lakini yeye alikaa miaka zaidi ya kumi, na hilo linampa haki ya kusikilizwa.

Nisije nikaonekana nasema kwamba Eastlands ni ya Wakatoliki peke yao. Jumapili asubuhi simama kwenye kivuko cha Barabara ya Jogoo na utasikia ngoma kabla hujaona mtu. Ni waumini wa African Israel Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, wakitembea wawiliwawili na bendera mbele, kanzu nyeupe, wimbo wa kupokezana. Nyuma ya kituo cha basi waumini wa Legio Maria wamevaa rangi zao. Wakorino, na vilemba vyao vyeupe, wako njiani kuelekea chumba cha mabati kilichokodishwa kando ya kinyozi. Pale bondeni Mathare ndiko Redeemed Gospel, kanisa la Askofu Arthur Kitonga, lilikoanzia mwaka 1974 kabla ya kusambaa nchi nzima. Wasomi wengi huzungumzia makanisa haya ya Roho kama mchanganyiko wa mila na Biblia na kuishia hapo. Mimi huangalia miguu. Mtu aliyekaa wiki nzima ameinama juu ya cherehani au amesimama kwenye lango la kampuni akilinda mali ya wengine anapata saa tatu za kuuachilia mwili wake uimbe, utetemeke, uruke. Katika makanisa kadhaa ya namna hii, ibada haianzi mpaka watu waungame waziwazi yale waliyokoseana, mlangoni au uwanjani. Anayeingia na kinyongo amekuja bure.

Kuungama huko kunatupeleka kwenye chimbuko jingine la amani ya huku, nalo limesahaulika kuliko yote. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kusali pamoja siku kadhaa. Kutokana na urafiki huo uliwaka Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulifika Kenya mwaka 1937 na kuenea katika makanisa ya Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti. Salamu ya “Bwana asifiwe” inayosikika leo hata bungeni ilipata nguvu kutoka kwa wanauamsho. Waliookoka hawakuridhika kuungama kwa Mungu pekee. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa kodi walizokwepa, wakaenda kwa mtu waliyemsengenya wakamwambia waliyoyasema. Fundisho lao lilikuwa rahisi na lenye gharama: moyo unaokosa amani aghalabu unadaiwa na mtu fulani, na mtu huyo ana jina na mahali anapoishi.

Kisha Hali ya Hatari ikatangazwa Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza likaizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya mashariki ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa malori kupelekwa kambini. Wanauamsho wengi walijikuta hawana pa kusimama. Walikataa kula kiapo cha wapigania uhuru wa Mau Mau wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wengi wao vilevile walikataa bunduki ya serikali. Wapo waliouawa kwa hilo, na wapo waliodharauliwa na pande zote mbili. Mjadala kuhusu msimamo wao haujaisha: mtu anayedai amani ya moyo wakati ardhi ya taifa lake imeporwa, je, ana imani au amejitenga? Mzee mmoja wa uamsho na mzee mmoja aliyewekwa kizuizini Manyani wangekujibu tofauti kabisa, na wote wawili wangeweza kuwa wamekaa benchi moja katika kanisa la Mtakatifu Yohana pale Pumwani. Nadhani kanisa la Kenya limewahi kuwa jasiri zaidi lilipowaacha wazee hao waongee kuliko lilipojaribu kuwapatanisha kwa hotuba.

Urithi wa uamsho uliobaki Eastlands ni wa mambo madogo, na ndiyo maana unadumu. Ingia duka lolote la mtaani Maringo au Dandora Phase Two uangalie kando ya mzani: kuna daftari la madeni, jalada limechakaa, majina yameandikwa kwa kifupi, “Mama Brayo 180”, “fundi wa TV 60”. Kila mwenye duka anajua ni nani anayebadili njia ili asipite mbele ya kibanda chake. Anayebadili njia huzunguka ploti tatu, kwenye matope, na mtungi kichwani. Siku akiokoka kikweli, jambo la kwanza analoambiwa na akina mama wa ushirika ni akapite njia ya dukani. Alipe, au aseme hana na aombe muda. Mwenye duka naye, kama ni mwumini, hujikuta katika mtihani wake. Nimewahi kumwona mmoja akipiga mstari juu ya jina bila kulipwa, akalaani kidogo, akampimia mtu sukari. Amani ina bei, na hapo bei yake ilikuwa shilingi mia na kitu.

Lakini pahali ambapo imani ya Eastlands inajionyesha bila pambo ni kwenye matanga. Mtu akifa mtaani, jioni hiyohiyo tochi hutundikwa uani, kitabu cha michango hufunguliwa, na kamati huundwa kabla hata jamaa wa mashambani hawajafika. Kuna gharama ya mochari inayoongezeka kila siku, jeneza, gari la kusafirisha mwili hadi Siaya, Kitui au Murang'a, chakula cha njiani. Kila jioni kikundi kimoja huongoza ibada: leo jumuiya, kesho akina mama wa Kianglikana, keshokutwa Wapentekoste na kinanda chao, na Waislamu wa ploti ya pili huja wakakaa pembeni na bahasha yao. Nyimbo hugeuka kutoka Kiluo kwenda Kikamba kwenda Kiswahili bila mtu kutangaza. Mjane hukaa ndani, mlango wazi, akizisikia. Wachungaji wanaogombea waumini mwaka mzima hukalia fomu moja wakipokezana sala.

Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma usiku wa mvua. Zaidi ya watu 50 walikufa, na wa mwisho kutolewa wakiwa hai walitoka kifusini siku ya sita. Miaka minane baadaye, Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika ukabeba nyumba na watu, na muda mfupi baadaye serikali ikaja na matingatinga kubomoa zilizobaki ukingoni. Baada ya misiba kama hiyo husikika mahubiri ya aina mbili. Yapo yanayosema Mungu alipanga, nayo hunikera, maana aliyepanga jengo bovu ana jina na leseni. Yapo mengine, ya sauti ya chini, yanayosema tu kwamba Mungu alikuwepo kifusini. Sijui jinsi ya kuyapima hayo ya pili. Ninachojua ni kwamba wanaoyasema kwa kawaida ndio walioshinda pale wakipika chai kwa ajili ya waokoaji.

Sasa tuje kwenye makelele, kwa kuwa makala ya amani Eastlands yasiyotaja spika yatakuwa ya uongo. Ijumaa usiku ni kesha. Kanisa la mabati lenye waumini arobaini lina spika za kutosha uwanja wa mpira, na zimeelekezwa nje, kuelekea kwa wenye dhambi. Kanuni za kudhibiti kelele zilitolewa mwaka 2009 chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na kila baada ya muda maofisa hupita, spika hushushwa, kisha hupanda tena. Aliyeko ndani ya kesha anakuambia kwamba pale ndipo alipoutua mzigo wa miaka kumi. Muuguzi wa zamu ya alfajiri anayelala mita nane kutoka pale hajatua chochote. Nimesikia hoja kwamba baa za mtaa huo zina kelele zaidi na hakuna anayelalamika. Si kweli, watu wanalalamikia zote mbili. Mchungaji anayehubiri upendo wa jirani angeanza na sauti ya kinanda saa tisa usiku.

Na kuna amani ya kuuzwa. Mabango yake yako kwenye nguzo za stima kutoka Mutindwa hadi Njiru: siku tatu za kufunguliwa, leta picha ya mtoto, leta maji, leta mbegu. Mbegu ni pesa, na nambari ya M-Pesa imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko aya ya Biblia. Mwenye wasiwasi ndiye mteja bora, kwa sababu anayeuza amani ya aina hii hana faida mteja akitulia. Anahitaji arudi wiki ijayo na hofu mpya, ya mchawi mpya, ya laana ya upande wa mama. Mwezi Aprili 2023 Kenya iliona mwisho wa njia hiyo ulivyo. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Mackenzie amekana mashtaka. Nairobi iko mbali na Shakahola, lakini miongoni mwa waliopotea walikuwamo watu wa kila pembe ya nchi, watu waliochoka na kelele za dunia wakaahidiwa msitu wenye utulivu. Kumtenga mtu na majirani zake ndiyo hatua ya kwanza. Mama wa jumuiya ya Kayole hawezi kutoweka wiki mbili bila mtu kugonga.

Swali la pesa lilifika hadi juu kabisa tarehe 17 Novemba 2024, pale Rais William Ruto alipohudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi cha watoto wa kimisionari, na milioni 2 za nyumba ya padri, akaahidi nyingine milioni 3 pamoja na basi. Kesho yake Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, likatangaza kwamba pesa hizo zitarudishwa na ahadi hizo hazitapokewa. Ilikuwa miezi mitano baada ya vijana kujaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha Juni 2024, na vijana hao walikuwa wameyauliza makanisa maswali magumu kuhusu wanasiasa madhabahuni. Wapo waumini wa Soweto waliosikitika. Nyumba ya padri ni nyumba, na kwaya inahitaji sare. Hata hivyo naona siku hiyo kanisa la mtaani lilifundisha jambo kuhusu utulivu wa dhamiri ambalo mahubiri kumi yasingelifundisha. Wanauamsho wa 1937 wangelielewa mara moja: mtu hasali vizuri akiwa na kitu cha mwingine mfukoni.

Pana mpaka mmoja ambao wachungaji wa Eastlands wameanza kuujua polepole. Mwaka 2020 jopokazi la taifa kuhusu afya ya akili lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, iko mwendo mfupi tu kutoka Huruma, na bado kupelekwa huko ni aibu ambayo familia nyingi huificha kwa kusema mtu amesafiri. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Hadi hapo, mtu aliyenusurika angeweza kutolewa hospitalini akapelekwa seli. Mchungaji anayemwambia mgonjwa wa sonona kwamba hana imani anaongeza jiwe juu ya mzigo. Wapo wanaosali na mgonjwa kisha wanampeleka kliniki kwa matatu, wakakaa naye foleni. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mtaani Mbare, Harare, kuwafunza bibi wa kawaida kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili zao zilipungua kweli. Niliposoma habari hizo niliwafikiria bibi wa Eastlands wenye rozari. Benchi wanalo tayari. Lililokosekana ni mafunzo kidogo na nambari ya simu ya kliniki.

Hao bibi ndio waliofungiwa nje Julai 2020, makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa baada ya kufungwa kwa COVID-19: watu wasiozidi 100, saa moja, na hakuna aliyezidi miaka 58 wala aliye chini ya 13. Misa za wiki hizo zilikuwa na mpangilio mzuri na uhai mdogo. Wengi walirudi kusali kwa simu, jioni, wakipigiana mmoja baada ya mwingine mpaka salio liishe.

Wanaume ndio fumbo lililobaki. Hesabu wanajumuiya wa mtaa wowote na utapata wanawake wanane kwa wanaume wawili, na mmoja wa hao wawili ni katekista. Mwanaume wa Eastlands hushikilia mambo yake kifuani hadi yamlipukie, na huona haya kuombewa mbele ya mke wa jirani. Mapadri na wachungaji wamejaribu kandanda, wamejaribu kifungua kinywa cha Jumamosi. Kinachofanya kazi, kwa nilivyoona, ni kumpa daftari. Mchague awe mweka hazina wa matanga. Atakuja jioni saba mfululizo kwa sababu ya pesa za watu, atasimama kando akihesabu noti huku wengine wakiimba, ataanza kuzishika nyimbo. Jumatano ya wiki inayofuata atatokea kwenye jumuiya akidai amekuja tu kutoa hesabu, na mwenyekiti, mama mwerevu, atamwambia hesabu husomwa mwishoni, baada ya maombi.